Mzee Nukta Alibonyeza

Mama yake alimwita Chapu tangu siku ya kwanza, kwa sababu alizaliwa mkunga akiwa bado anavua viatu mlangoni. Jina la kwenye cheti lilitumiwa na walimu tu, nao walipochoka wakaliacha. Na kweli alikuwa mwanamke wa chapuchapu. Alitembea kama anayewahi geti lisifungwe, alikula amesimama, na alipoajiriwa kwenye kampuni ya kutengeneza tovuti alimaliza kwa siku tatu kazi aliyopewa ya wiki mbili, jambo ambalo wenzake hawakumsamehe. Alipotimiza miaka thelathini na moja aliacha kampuni, akapanga chumba juu ya duka la kinyozi, akaweka meza, viti viwili, birika la umeme na kompyuta yake, akaanza kujitegemea. Kutwa nzima mashine za kunyolea zilivuma chini ya miguu yake kama nyuki, na wateja wa kinyozi wakabishana mpira hadi jioni.

Kazi kubwa ya kwanza aliyoipata ilikuwa ya kliniki ya macho. Kliniki ilikuwa na tovuti ya zamani, iliyojengwa na fundi mmoja aliyekwishahamia ng'ambo. Ukitaka kubadilisha hata koma, ilibidi umwandikie na usubiri, naye alijibu akikumbuka. Ukurasa wa mbele ulikuwa bado unawatakia wagonjwa heri ya mwaka mpya, mwaka wenyewe ukiwa umepita zamani na mingine mitatu juu yake.

Chapu aliitwa kwenye ofisi ya daktari mkuu, mama mmoja mfupi aliyevaa miwani mbili, moja machoni na nyingine juu ya nywele, na kila mara akiitafuta ya tatu mezani.

"Ninachopendekeza," Chapu alisema, "ni mfumo ambao sisi mafundi tunauita mfumo usio na kichwa."

"Usio na kichwa?" daktari aliuliza. "Kama kuku aliyechinjwa? Huyo si hukimbia uani ovyo kisha akaanguka?"

Wote walicheka. Hata karani wa masjala, aliyekaa pembeni na jalada mapajani, alilipandisha hadi mdomoni kuficha meno.

Chapu akaeleza. Maandishi na picha za kliniki vitakaa mahali pamoja, kama majalada yanavyokaa masjala. Kule hakuna rangi wala urembo, ni maneno tu ndani ya visanduku: siku, saa, jina la daktari, tangazo. Kurasa ambazo wagonjwa wanaziona zinajengwa kando, na zinachota maneno kutoka kwenye hazina hiyo. Ukiandika mara moja, tangazo linatokea kwenye tovuti, kwenye simu, na kwenye ile televisheni ya chumba cha kusubiria. Siku mkitaka kubadilisha sura ya tovuti, mnabadilisha sura. Maneno yenu hayaguswi.

"Samahani, mwanangu," karani alisema. "Karatasi ikiwa kwenye jalada langu, bado haijafika kwenye ubao wa matangazo. Anayeibeba kuipeleka ubaoni ni nani?"

"Inajipeleka yenyewe, mzee. Ukishabonyeza 'chapisha', kazi yako imekwisha."

Karani aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayepokea risiti huku akijua ataisoma vizuri nyumbani.

Huyo ndiye waliyemwita Mzee Nukta. Alikuwa na miaka ishirini na tisa masjala, na ilijulikana kwamba barua isiyo na nukta mwishoni haikutoka mlangoni kwake, hata kama imeandikwa na daktari mkuu mwenyewe. Daktari alimchagua yeye awe mtu wa kuandika kwenye tovuti mpya. Wauguzi walinong'ona: mzee anayeandika kwa vidole viwili? Lakini Chapu alimfundisha kwa wiki tatu, kila alasiri, na Mzee Nukta alikuja na daftari lililofunikwa kwa gazeti, akaandika kila hatua kwa namba. Mwisho wa mwezi alikuwa akibadilisha matangazo haraka kuliko muuguzi yeyote. Kila alipomaliza aliandika daftarini: tarehe, saa, alichobadilisha, kisha neno moja, "Nimechapisha." Na nukta. Chapu akawa hamwiti tena "mzee" tu, alimwita "mzee wangu." Yeye naye akamwita Chapu "mwalimu," mbele za watu, bila aibu, ingawa alikuwa na wanawe waliomzidi Chapu umri.

Kulikuwa na kitu kimoja tu ambacho Chapu hakukimaliza.

Ili kurasa zijijenge upya, hazina ile ya maneno lazima ipige kengele kila mtu anapobonyeza "chapisha." Kengele ikilia, mashine inayojenga kurasa inaamka, inachota maneno mapya, inayatoa hadharani. Chapu aliijaribu kengele hiyo siku ya mwisho kabla ya kukabidhi kazi, ikakataa. Ufunguo fulani wa herufi za siri haukukubaliwa. Akajaribu mara mbili, akaangalia saa, akajiambia atairekebisha wiki ijayo. Kwa muda huo angeijenga tovuti mwenyewe: kila asubuhi, birika likichemka, anafungua kompyuta, anaandika amri moja, anasubiri dakika mbili, basi. Maneno yote ya Mzee Nukta ya jana yanatoka leo. Nani angejua?

Wiki ijayo ikawa miezi mitano. Kazi nyingine zilikuja, kila moja na haraka yake. Ufa aliuona, lakini kwa kuwa kila asubuhi aliupaka chokaa, ukuta ulionekana mzima.

Mwezi wa sita dada yake alijifungua mapacha, mji mwingine, safari ya saa saba. Chapu alifunga chumba akaenda kusaidia. Alibeba kompyuta, akaiweka chini ya kitanda, na kwa siku sita hakuigusa. Palikuwa na nepi, maji ya moto, wageni, na watoto wawili wanaolia kwa zamu kama waliopangiwa.

Wiki hiyohiyo daktari bingwa wa upasuaji, ambaye hupita kwenye kliniki ile mara moja kila baada ya miezi mitatu, alibadilisha ratiba. Badala ya Ijumaa angekuja Jumatano na kuondoka usiku wake. Wagonjwa waliokuwa na namba za simu kwenye orodha walipigiwa. Wengine walikuwa wameambiwa tangu zamani: angalieni tovuti, kila kitu kiko pale.

Ijumaa asubuhi Chapu alikuwa na mtoto mmoja begani simu ilipolia.

"Chapu," daktari mkuu alisema, na sauti yake haikuwa na salamu. "Nina watu kumi na wanne kwenye benchi. Wamekuja kupasuliwa. Wengine wamelala njiani. Wananionyesha simu zao, tovuti inasema Ijumaa. Nukta anaapa alibadilisha tangu Jumatatu. Tovuti yako ina nini?"

"Nipe dakika tano nikague."

Alimlaza mtoto, akaivuta kompyuta chini ya kitanda. Akafungua hazina. Mfumo ule hauna upendeleo, unaandika kila kitu: nani, nini, lini. Jumatatu, saa tatu na dakika kumi asubuhi, Mzee Nukta amebadilisha Ijumaa kuwa Jumatano. Amechapisha. Chini yake hakuna kitu. Hakuna aliyebeba karatasi kuipeleka ubaoni.

Vidole, vilivyozoea, vilitangulia kabla ya akili: akaandika ile amri, akasubiri dakika mbili, tovuti ikajengwa. Sasa ilisema Jumatano. Akapiga simu.

"Naona Jumatano hapa," daktari alisema kabla Chapu hajatamka neno. "Saa hizi naona Jumatano. Dakika tano zilizopita ilikuwa Ijumaa. Ina maana Nukta amebadilisha sasa hivi, baada ya watu kuja juu?"

Hapo ndipo pa kusema. Lilikuwa neno moja tu: hapana. Chapu baadaye alilifikiria neno hilo mara nyingi, jinsi lilivyo fupi.

"Inawezekana," alisema. "Mfumo wenyewe uko salama, daktari."

"Basi nimeelewa."

Dada yake alimwuliza kuna nini. Akajibu kazi tu. Alasiri ile, mapacha wakiwa wamelala, aliketi akaitengeneza kengele. Ufunguo ulikuwa umekosewa herufi moja. Ilimchukua dakika arobaini.

Aliporudi, alidhani mambo yamepoa. Mzee Nukta alikuwa amepewa barua ya onyo, akaondolewa kwenye tovuti, akarudishwa kwenye majalada. Chapu alijipa moyo: onyo ni karatasi, mzee yuko karibu kustaafu, hakufukuzwa.

Jumanne moja, saa nane mchana, alisikia hatua za taratibu kwenye ngazi, kisha, "Hodi hapa."

Alikuwa Mzee Nukta, jasho usoni, daftari kwapani.

"Karibu, mzee wangu. Shikamoo."

"Marahaba, mwalimu. Sikukujia kwa ugomvi, usiwe na wasiwasi." Alikaa kwenye kiti cha wageni, akapewa glasi ya maji, akanywa nusu. Kisha akafungua daftari, akalisukuma mezani. "Soma hapa."

Chapu akasoma. *Jumatatu, saa 3:10. Siku ya bingwa: Ijumaa kuwa Jumatano. Nimechapisha.*

"Nimeandika mwenyewe," mzee alisema. "Ni mwandiko wangu. Lakini daktari anasema sikufanya hadi Ijumaa, na Ijumaa sikumbuki hata kuikaribia kompyuta. Sasa ni moja kati ya mawili. Ama niliandika daftarini nikasahau kubonyeza. Ama nilibonyeza Ijumaa na sikumbuki." Chini, mtu alicheka kwa sauti kwenye kiti cha kinyozi. "Mama yangu mzazi alianza hivihivi. Alikuwa anafunga mlango, anatoka, anarudi kuangalia kama ameufunga. Mwisho akawa hatujui sisi. Mimi nimemuuguza, najua mwanzo wake ulivyo."

"Mzee wangu, wewe huna ugonjwa huo."

"Umejuaje?" Aliuliza kwa upole, kama mtu anayetaka kweli kujibiwa. "Ndiyo maana nimekuja. Hiyo mashine, haiweki kumbukumbu? Haiwezi kusema nilibonyeza lini? Nikijua tu, hata kama nimekosa, nitalala."

Kompyuta ilikuwa wazi mbele ya Chapu. Kubonyeza mara mbili, na mstari ule ungetokea. Lakini mstari ungeuliza swali la pili: kama alichapisha Jumatatu, kwa nini haikuonekana? Na Chapu akaliona swali hilo linamkuta yeye, akamwona daktari, akawaona wateja wake wengine wakisikia.

"Kumbukumbu za siku zile zimeshafutika," alisema. "Mfumo haukai nazo muda mrefu."

"Aa." Mzee Nukta alifunga daftari. "Basi, mwalimu. Ahsante kwa maji."

Aliposhuka ngazi alirudi mara mbili. Mara ya kwanza aliuliza kama ameacha miwani, ilhali ilikuwa mfukoni. Mara ya pili hakuuliza kitu. Alisimama mlangoni, akatazama kiti, akaondoka.

Toka siku hiyo Chapu alikuwa mtu mwingine. Wateja walimpigia, hakupokea. Alifungua kazi akafunga. Mama yake, aliyekuwa akiishi naye, alimkuta Jumapili anaosha sahani ile ile kwa mara ya tatu.

"Umekosana na nani?"

"Sijakosana na mtu, mama."

"Basi kuna mtu umemkosea, naye hajui." Mama akamnyang'anya sahani, akaifuta. Chapu aliona heri angegombezwa.

Siku tano baadaye aliitwa kliniki kumfundisha muuguzi aliyepewa kazi ya tovuti. Alipopita masjala, alichungulia. Mzee Nukta hakuwamo, lakini chumba kilikuwa kimejaa vipande vya karatasi vilivyobandikwa kwa gundi. Kwenye dirisha: *Nimefunga. Saa 10:00.* Kwenye kabati: *Ufunguo uko mfuko wa kulia.* Kwenye swichi ya taa, kwenye droo, kwenye simu. Mwandiko uleule ulionyooka, na mwisho wa kila kipande, nukta.

"Ameomba kustaafu mapema," muuguzi alisema. "Siku hizi hawezi kufunga mlango mpaka mmoja wetu asimame amwangalie. Tunamwonea huruma. Uzee ni uzee."

Kwenye benchi la kusubiria alikaa mama mmoja wa makamo, fundi wa cherehani, futi ya kupimia bado shingoni. Alikuwa mmoja wa wale kumi na wanne. Jicho lake moja lilikuwa limekwenda siku nyingi. La pili lilikuwa na mtoto wa jicho, na ndilo lililokuwa lipasuliwe. Alimsikia Chapu anapita, akamwita akidhani ni muuguzi.

"Mwanangu, tarehe mpya imetoka?"

"Bado wiki saba, mama."

"Haya. Nashona kwa kupapasa siku hizi. Juzi nimemshonea mtu sketi, pindo moja limepanda kilimani, jingine limeshuka bondeni." Akacheka peke yake. Kisha akasema, "Yule mzee wenu wa majalada ameniomba radhi mara tatu. Kila nikija anatoka ofisini, ananishika mikono. Nimeshamwambia, baba, nimekusamehe, kichwa kikichoka kimechoka. Kosa si lako, ni la miaka."

Chapu alijibu kitu, hakumbuki nini. Alimwacha muuguzi akimsubiri, akaenda na kompyuta yake moja kwa moja mlango wa daktari mkuu, akaingia bila kubisha.

"Naomba Mzee Nukta aitwe," alisema. "Nina la kusema, na nataka alisikie na yeye."

Daktari alimtazama juu ya miwani ya kwanza, akanyanyua simu.

Mzee alipoingia, Chapu aliweka kompyuta mezani, akafungua ile kumbukumbu, akaigeuza kuelekea kwao.

"Alibonyeza," alisema. "Jumatatu, saa tatu na dakika kumi. Alifanya kila kitu sawa. Kosa ni langu. Nilitakiwa kuunganisha kengele ya kuijenga tovuti, sikuiunganisha. Nilikuwa naijenga kwa mkono kila asubuhi kwa miezi mitano bila kumwambia mtu, na wiki ile nilisafiri. Uliponipigia, daktari, niliijenga kwanza ndipo nikakujibu. Ndiyo maana uliona inabadilika."

Daktari mkuu alivua miwani, ya machoni na ya kichwani. "Nilikuuliza," alisema. "Nilikuuliza waziwazi."

"Uliniuliza."

"Watu kumi na wanne."

"Ndiyo."

Mzee Nukta hakuwa akiwasikiliza. Alikuwa ameinama mbele ya kioo, kidole kikifuata mstari. "Kuza maandishi," alisema. Chapu akakuza. Mzee akasoma kimoyomoyo, midomo ikitikisika: jina lake, siku, saa, dakika. Akatoa daftari, akalifungua, akalinganisha. Alisoma hivyo mara mbili, kisha akajiinua, na Chapu akaona mabega yake yameshuka kama ya mtu aliyetua gunia.

"Kumbe nilibonyeza," alisema.

"Ulibonyeza, mzee wangu. Nisamehe."

Ndipo alipomgeukia. Hakupandisha sauti. "Nilipanda ngazi zako," alisema. "Nikakueleza habari za mama yangu. Habari hizo sijamwambia hata mke wangu, nisimtie hofu. Na kitu hiki kilikuwa hapo, mbele yako?"

"Kilikuwa hapo."

"Ukanipa maji."

Machozi yalimtoka Chapu, lakini hata hayo aliyaonea haya, kama yanaomba kuhurumiwa. Mzee Nukta alichukua daftari lake, akamwomba daktari ruhusa, akatoka. Walimsikia akifunga mlango wa masjala, ufunguo ukizunguka mara moja tu.

Kliniki ilivunja mkataba na Chapu, na hakubisha. Aliikabidhi kazi kwa fundi mwingine, akamwandikia kila kitu, pamoja na lile kosa. Kabla ya kuondoka alimwomba daktari orodha ya watu kumi na wanne, akapewa ruhusa ya kuwapigia akiwa palepale kliniki, mbele ya muuguzi. Orodha ile ilikuwa imeandikwa kwa mkono na Mzee Nukta, siku ileile ya Ijumaa, benchi kwa benchi, kila mtu na namba yake au ya jirani yake. Akawapigia, akawaambia ukweli, akawapa tarehe mpya, mmoja mmoja. Wengine walishukuru, jambo lililomchoma zaidi. Mmoja alimtukana hadi salio likaisha, akapiga tena akamalizia. Wawili walikuwa wamekwishapata tiba kwingine.

Yule mama wa cherehani alipasuliwa kwenye zamu iliyofuata. Jicho likarudi, lakini si lote. Mashine anaiona, uzi kwenye tundu la sindano humtungia jirani. Daktari alisema huenda miezi mitatu ile ilichangia na huenda haikuchangia, hakuna wa kuapa. Chapu hupeleka nguo zake kwake, na hakai sana.

Mzee Nukta aliondoa ombi lake la kustaafu, na barua ya onyo ikachanwa mbele yake. Alibandua vipande vya karatasi siku hiyohiyo, vyote. Karibu mwaka mzima, kila alipokutana na Chapu barabarani, aliitikia salamu yake, "Marahaba," akapita. Kisha asubuhi moja alisimama. Alimwuliza mapacha wa dada yake wanaendeleaje. Chapu akasema wanatembea. Mzee akasema watoto hukua, akaaga. Hadi leo hawajazungumza zaidi ya hapo, na Chapu hajaona kwamba ni haki yake kudai zaidi.

Bado anajenga tovuti, za mfumo uleule, kwenye chumba kilekile. Wateja ni wachache kuliko zamani, kwa sababu anachukua muda. Kwenye ile orodha ya kumi na wanne kuna mmoja ambaye hakumpata. Mzee Nukta alikuwa ameandika "baba mwenye fimbo, ametoka mbali," na namba ya simu. Chapu alipoipiga, ilipokelewa na mwanamke aliyesema laini ni yake, ameinunua juzi, na hamjui mzee yeyote. Chapu akamwomba amjulishe mtu yeyote akipiga kumuulizia mzee huyo. Akapiga tena wiki iliyofuata, na mwezi uliofuata. Sasa mwanamke yule ameshamzoea, akiona simu ya Chapu hupokea na kusema, kabla ya salamu, "Bado, dada. Hakuna aliyemuulizia."